Koti la Bandani

Nkunga, Rungwe
21 Februari 1994

Baba Tulia,

Kabla hujasikia kwa watu wa basi, sikia kwangu mwenyewe: leo nimempiga mdogo wako Lazaro. Nimempiga kwa ukuni wa jikoni, na ile meza ya biashara pale langoni mwa shule nimeipindua, peremende zikamwagika matopeni na watoto wakazigombea kama kuku. Sijutii.

Tulikuwa kwenye mchakamchaka, mimi mbele na wanafunzi nyuma, nyimbo zimepamba moto. Tulipokuwa tunapanda kilima cha kurudi shuleni, Ezron akaanguka. Unamjua, mtoto wa Anyosisye, yule mjane anayetupikia walimu. Nilipomgeuza akatapika maji mekundu na vipande vya biskuti, basi, hakuna kingine tumboni tangu jana. Ulimi wote umepakaa rangi ya ile juisi ya unga. Na kwao migomba imeshikana mpaka jua halipenyi! Lakini tangu biashara iwe huria ndizi zinapakiwa lori kwenda Dar es Salaam, maziwa yanachukuliwa alfajiri na watu wa baiskeli, na mtoto anaachiwa sarafu akanunue biskuti. Watoto wanaanguka kwa njaa Rungwe, Baba Tulia. Rungwe hii hii!

Nikamwendea Lazaro nikamwambia aondoke langoni. Akacheka. Akasema meza ni ya kaka yake na siku hizi kila kitu ruksa. Akanishika gauni kifuani mbele ya wanafunzi, akanizaba kofi, na jino langu moja sasa linacheza. Ndipo nikauokota ule ukuni. Amepasuka juu ya jicho.

Najua meza ni yako, kwa hiyo nakwambia wewe: iondoe.

Tena kuna jambo. Wazazi wamekubali kila nyumba ilete ndizi au maharage, na Anyosisye awapikie watoto mbalaga, zile ndizi zenu za kupika, mchana. Tumepanda na migomba yetu nyuma ya madarasa. Kilichobaki ni maziwa. Baba yako ana mtamba anayekaribia kuzaa, lakini mimi nitamwombaje? Tangu unioe sijamtazama baba mkwe usoni wala kusema naye neno, kama desturi yenu inavyotaka. Nikimwona njiani nafunika kichwa, nazunguka. Mama yako alipokuwa hai ndiye aliyekuwa akitubebea maneno. Sasa tumetenganishwa na shamba moja la migomba, na neno langu kwake lazima lifike Mbeya kwanza ndipo lirudi. Basi lipeleke.

Mkeo,
Debora


Mwanjelwa, Mbeya
2 Machi 1994

Bondia wangu,

Habari imeitangulia barua. Kondakta ameisimulia stendi nzima kwa vitendo, na katika masimulizi yake umekuwa mrefu kuliko mlango. Nimeona aibu, na kidogo nimecheka pia. Sikujua nimeoa askari.

Lakini tuongee kama watu wazima. Meza hiyo ndiyo iliyoezeka nyumba unayolala. Bati zile hazikutoka kwenye chaki yako, Mama Tulia, tusidanganyane. Biskuti zinavuka mpaka wa Tunduma mchana kweupe na hakuna mtoto anayeshikiwa fimbo anunue. Zama za kupanga foleni ya sukari zimekwisha, sasa kila mtu auze anachoweza. Wewe wafundishe kusoma na kuhesabu, matumbo waachie wazazi wao.

Neno lako kwa baba nimelipeleka. Mimi si mtu wa kuficha neno la mke wangu. Ila ujue kwamba mtamba yule Lazaro anamtegemea kwa mahari. Mchumba yuko Lufingo na wazee wake wamechoka kungoja. Mzee akimtoa kwa shule utakuwa umempiga Lazaro mara ya pili, na kipigo hiki hakitapona haraka kama cha ukuni.

Meza itabaki. Jino lisukutue kwa maji ya chumvi.

Ackson


Nkunga
18 Machi 1994

Mwanangu Ackson,

Ndaga, asante kwa barua. Mimi ni mzima, miguu tu ndiyo inalalamika. Kalamu naishika kama jembe, nivumilie.

Neno la mkeo lilifika na limenipendeza fijo, yaani sana sana. Mtamba nimewapa shule. Amekwisha kuzaa na maziwa ni mengi. Siku ya kwanza nilisimama nyuma ya migomba ili mkeo asinione, nikawatazama watoto wakinywa mpaka wanabaki na masharubu meupe. Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Lazaro hakucheka. Alikuja na panga akaukatakata mlango wangu, anapiga kelele kwamba mahari yake nimempa mke wa kaka yake. Nikamwambia ndama atakua, atampata yeye. Akanitemea mate miguuni. Nikamchapa fimbo ya shingo akaanguka, akainuka, akaondoka bila kuaga. Juzi migomba ya shule imekutwa imefyekwa yote, imelala chini na majani yake. Aliyefyeka simjui. Lakini vijana wa stendi wanaropoka kwamba ng'ombe naye zamu yake inakuja.

Kwa hiyo banda la ng'ombe huyo, hapa kwangu, nalilinda mwenyewe. Nina mkuki wa marehemu babu yako, na nakaa humo mpaka jua lipande. Shida ni moja: mkeo hupita pale alfajiri na watoto wanaokimbia, na mimi na yeye hatupaswi kukutana. Basi mpe maneno mawili, uyashike yote mawili. La kwanza, akiona koti langu jeusi limetundikwa mlangoni pa banda, mimi nimo na ni salama, azunguke. La pili, akiona koti liko chini, nimelitupa mimi mwenyewe, mambo ni mabaya. Asizunguke. Aweke heshima pembeni, aje, apige yowe.

Tulia ni mtoto, sitaki kumtia hofu. Mwalimu mkuu anakunywa soda za Lazaro bure. Majirani wana midomo. Nimebaki na wewe tu.

Baba yako,
Ambindwile


Mwanjelwa, Mbeya
26 Machi 1994

Mama Tulia,

Haya, umeshinda, nasikia ng'ombe mnaye. Wanywe wanenepe.

Baba ananituma neno kwako. Anasema ukiona koti lake jeusi pale bandani, yeye yumo, uzunguke na watoto wako. Anapenda kukaa na ng'ombe wake asubuhi, uzee huo. Usitafute sababu nyingine.

Kuhusu migomba iliyofyekwa, usianze kutaja majina ya watu. Walevi hawakosi popote. Nakutumia kitenge na sabuni kwa mkono wa kondakta.

Ackson


Nkunga
14 Aprili 1994

Baba Tulia,

Kitenge nimekipata, ni kizuri, ila nimekichana. Nitakwambia kwa nini.

Kwanza mazuri, kwa sababu yapo. Ezron sasa anakimbia mbele yangu! Namwambia apunguze mwendo, hasikii, na wimbo anauanzisha yeye. Mchana watoto wanakula mbalaga na maharage, na maziwa ya mgando juu yake, na kipindi cha mwisho hawasinzii tena. Wale waliokuwa wanasukumana kwenye meza ya Lazaro sasa wanaipita bila kugeuka. Migomba tumeipanda upya. Nimefurahi, mume wangu, mpaka nyakati nyingine naimba peke yangu nikisahihisha madaftari.

Jumatatu mchana Lazaro akaingia jikoni na wenzake wawili wa stendi. Alipiga teke sufuria ikiwa inachemka. Mbalaga yote ilimwagikia miguu ya Anyosisye, na ngozi ikatoka pamoja na ndizi. Yowe lile bado ninalo masikioni. Kitenge chako ndicho nilichokichana kumfunga. Wazazi waliokuwa kwenye mitaro ya shule wakaja na majembe, wakawatwanga wale watu mpaka mmoja akapoteza meno. Lazaro aliruka ua akapotea upande wa Kawetele. Meza yake watu wameichoma moto. Sikuichoma mimi, lakini sikuchota maji pia.

Sasa nijibu. Anyosisye anasema Lazaro alipoipiga teke sufuria alipayuka kwamba ametoka kuonana nawe Mwanjelwa, na kwamba yaliyobaki mmeshayapanga. Mmepanga nini? Nakuuliza kwa sababu Mzee haondoki bandani. Kila alfajiri koti lake liko pale, nami nainamisha macho, nafunika kichwa, nazunguka kama ulivyosema. Mtu hakai na ng'ombe kila siku kwa kupenda tu. Kama kuna jambo analojua, niambie.

Debora


Mwanjelwa, Mbeya
22 Aprili 1994

Mama Tulia,

Pole kwa Anyosisye. Mwambie dawa nitatuma.

Lazaro alikuja kweli, amekasirika, nikamtuliza kiume, yamekwisha. Maneno ya hasira usiyape uzito. Baba ni mzee tu na ng'ombe wake. Wewe endelea kuzunguka.

Ackson


Nkunga
5 Mei 1994

Ackson,

Sikuiti Baba Tulia leo. Njoo nyumbani. Baba yako amekatwa panga.

Ilikuwa jana alfajiri. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye nyasi, watoto wanaimba kwa nguvu ili wasipotezane. Nilipofika karibu na banda nikaona koti. Halikuwa mlangoni, lilikuwa kwenye majani, mkono mmoja umenyooka. Nikafikiri Mzee ameamua kulala nje karibu na ng'ombe, na nikaona haya kwamba nimemkuta amelala. Nikafunika kichwa. Nikawageuza watoto wote, tukapita njia ndefu ya mtoni. Ng'ombe alilia, nami nikasema moyoni, ana maziwa mengi huyo, anataka kukamuliwa.

Tuliporudi kwa upande wa pili Ezron alikuwa mbele. Wimbo ukakatika. Nikasikia mayowe ya watoto, nikakimbia.

Ng'ombe alikuwa amekatwa mishipa ya miguu ya nyuma. Alikuwa anajaribu kuinuka kwa miguu ya mbele na kuanguka, kuinuka na kuanguka, damu imegeuza banda lote tope. Baba alikuwa ameegemea ukuta. Mkono wake wa kulia ulikuwa unaning'inia kwa ngozi, na kichwani pamefunguka. Alikuwa macho. Ackson, alikuwa macho muda wote ule! Alinitazama nami nikamtazama, na sikukumbuka kama ni mkwe wangu mpaka nilipokuwa nimekwisha kukaa damuni na kichwa chake kiko mapajani kwangu. Nilimfunga kwa kanga yangu na mikanda ya watoto. Ezron alikimbia barabarani akasimama mbele ya lori la majani ya chai, akakataa kupisha, mpaka dereva akateremka.

Hospitali wameukata mkono. Wanasema damu iliyopotea ni nyingi mno, na wanasema angefikishwa mapema mkono ungeweza kuponywa. Tulikuwa tumeimba nyimbo nzima nzima mtoni huku yeye anavuja.

Lazaro alikamatwa na watu stendi ya Tukuyu akitaka kupanda basi, shati lake lina damu. Walimpiga kwa mawe na vyuma. Nilifika wakati mtu anamwaga mafuta ya taa juu yake. Nakwambia ukweli, nilisimama. Nilitaka kiberiti kiwake. Ni Tulia aliyekuwa ananivuta gauni analia "baba mdogo, baba mdogo", ndipo nikaingia katikati nikamlalia mpaka polisi wakaja. Yuko mahabusu, taya limevunjika.

Na kuna kitu kinanisumbua. Tukiwa juu ya majani ya chai, lori linaruka kwenye mashimo, Baba alinifungulia kinywa mara ya kwanza tangu niolewe kwenu. Alisema, "Koti nililitupa." Akarudia, "Nililitupa, mwanangu." Sijui maana yake. Wewe unajua?

Debora


Mwanjelwa, Mbeya
11 Mei 1994

Mama Tulia,

Nimeshindwa kushika kijiko tangu nisome. Nilitaka kuja siku ile ile, lakini mzigo umekwama mpakani na nikiuacha utapotea wote. Nitakuja, nipe muda kidogo.

Mzee amesema nini kingine? Na Lazaro, je, ameandikisha maelezo polisi? Mwambie anyamaze mpaka nije. Mwambie ni mimi ninayesema. Kuhusu koti sijui lolote, mtu aliyepotewa na damu huweweseka.

Ninatuma shuka na maziwa ya kopo.

Ackson


Nkunga
29 Mei 1994

Mwanangu Ackson,

Usishangae mwandiko. Maneno ni yangu, mkono ni wa mkeo, maana wangu umezikwa nyuma ya hospitali. Ameketi kwenye kigoda, mimi kitandani, tunatazamana. Siku ya kwanza tuliona haya, yeye anatazama kikombe na mimi natazama dari. Halafu alinilisha uji ukanimwagikia kidevuni, tukacheka. Tangu hapo hatujanyamaza. Tulikuwa na maneno ya miaka mingi, mengine yalikuwa ya kukusengenya wewe.

Maziwa yako ya kopo tumewapa paka.

Nilimuuliza kwa nini alizunguka. Akaniambia neno ulilompa. Nikamwambia neno nililokupa mimi. Akainuka akatoka nje, nikasikia anapiga ukuta kwa ngumi. Aliporudi vidole vilikuwa vinatoka damu, akaniomba radhi yeye, ambaye hana kosa. Nilimwona siku ile kupitia upenyo wa mlango, anafunika kichwa kwa ajili yangu. Sauti nilikuwa nayo. Sikumwita, kwa sababu mkwe hapigiwi kelele, na kwa sababu nilijua neno la pili analo. Nikasema moyoni, koti ameliona, sasa hivi atakuja. Nikasikiliza wimbo wa watoto unakwenda mbali.

Nilishtuka ng'ombe amekwisha kukatwa miguu, nikalitupa koti nje, nikashika mkuki. Lazaro nilimjua alipoinua panga. Yeye hakunijua. Ukungu ulikuwa umeingia mpaka ndani, akaona mtu ana mkuki. Nilipomtaja jina alikuwa amekwisha kupiga mara mbili. Alitupa panga akapiga kelele kama mtoto, akakimbia. Jana polisi walinipeleka kwake. Taya limefungwa kwa waya, anasema kwa shida, lakini amesema. Amesema wewe ndiye uliyemwambia amalize ng'ombe, mambo ya shule yatakufa yenyewe na meza itarudi. Hukumtuma aniue, hilo najua, naye anajua. Lakini ulijua kwamba nakaa humo. Nilikuandikia kwa mkono huo uliokatwa. Ungemwambia yeye, asingekuja. Ungemwambia mkeo, ningekuwa na mkono. Ulinyamaza huku na ukanyamaza kule, ukakaa katikati na biskuti zako.

Lazaro atafungwa. Nitampelekea chakula, maana alilia mbele yangu. Wewe umeuliza tu kama amesema.

Ng'ombe alichinjwa siku ile ile, na watoto walikula nyama yake na mbalaga, wengine wanakula huku wanalia. Ndama wake nimewapa shule. Lazaro hatamhitaji kwa sasa, wazee wa Lufingo wamekwisha kumkataa. Nimeambiwa watoto waliogopa kukimbia baada ya siku ile. Mkeo akawashika mikono wachache, wakapita mbele ya banda polepole, kesho yake wakawa wengi. Sasa wanapita kwangu kila alfajiri nikiwa nimesimama mlangoni, na mkeo hazunguki. Ananisalimu akikimbia, pumzi zimemwishia, nami namcheka.

Nilimwambia aongeze lake hapa chini. Amekataa, anasema langu linatosha.

Koti wamenirudishia. Mkeo amelifua, damu haikutoka yote. Nimelitundika mlangoni pa nyumba yangu, kwa mkono huu uliobaki, na mlango wa nyumba yenye bati zako mkeo ametundika kanga ile aliyonifungia. Ukishuka stendi ya Tukuyu ukapanda mpaka Nkunga utaviona vyote viwili kabla hujafika. Neno la kwanza unalikumbuka, ndilo ulilolifikisha.

Zunguka.

Ambindwile
(dole gumba la kushoto)